Mshono wa Mkono wa Kushoto

3 Septemba

Mwanangu,

Natumaini mlifika salama na mizigo yenu yote, na kwamba zamu ya kliniki haikukukuta bado una vumbi la safari. Mimi ni mzima. Goti linalalamika kama kawaida yake, nami nalinyima sikio. Mama mwenye nyumba anakusalimu. Anasema tangu mwondoke korido imekuwa kimya mpaka anasikia bomba likidondosha. Jirani yangu fundi saa naye kauliza, "Yule mdogo anayeongea bila nukta atarudi lini?" Nimemwambia Chiriku ana shule.

Sikupata kuwaaga vizuri. Niliporudi na mkate mlikuwa mmesimama mlangoni, mizigo imefungwa, na wewe unaangalia saa. Mkate nimeula peke yangu tangu siku ile, mpaka umekuwa mgumu.

Nikwambie jambo ambalo nisingelisema mbele ya watoto, wasije wakavimba vichwa. Nimekuwa fundi cherehani ugenini kwa muda mrefu kuliko umri wako, na lile kopo la vifungo limenifuata katika kila chumba nilichopanga. Sikuwahi kuona mtu akilimwaga sakafuni kwa furaha. Siku za mwanzo watoto walikaa kwenye kochi, vichwa vimeinama, kile kioo chao cha tableti katikati yao kama jiko la makaa. Kilipopotea, ndipo wakaliona kopo. Chiriku alivipanga vifungo kwa rangi, kisha akabadili mawazo akavipanga kwa familia: baba ana matundu manne, watoto wana mawili, na kile cha shaba ni shangazi mwenye maringo. Mhandisi, mkubwa wake, alitia uzi kwenye kifungo kikubwa cha koti, akausokota, akauvuta mpaka kikavuma kama nyuki, na hapo akainua macho kunitazama. Sijui kama uliona. Nilipompa sindano niligundua kwamba anashona kwa mkono wa kushoto, kama mama yako, marehemu dada yangu. Nyuzi zake zinalalia upande wa pili, kama majani yaliyopigwa na upepo tofauti. Usimbadilishe mkono.

Kuhusu hicho kioo kilichopotea, msihangaike sana. Vitu vina tabia ya kujitokeza.

La mwisho, dogo. Chiriku aliondoka na ule mto wa viraka niliomshonea? Siuoni kitandani. Si neno, ni wake. Ila usiufue. Mabaki ya vitambaa niliyoyajaza ndani yanachuja rangi.

Nimebandika stempu nyingi kuliko zinazohitajika. Za ziada ni za Mhandisi, kwa daftari lake jipya.

Mjomba wako


29 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Baba yao yuko barabarani na lori lake tangu wiki iliyopita, anapiga simu akifika kwenye mizani, anauliza wote mmekula, anakata. Chiriku kang'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi bila kutaka. Mimi ni meza yangu ileile ya mapokezi, watu wenye mashavu yaliyovimba wananilaumu mimi kana kwamba ndiye niliyewatoboa meno.

Vifungo vimewaingia, Mjomba. Chiriku anavizia makoti ya wageni. Juzi alimwambia daktari wa meno, "Hicho chako cha chini kinaning'inia, kikianguka nijulishe." Kila jioni kuna kitu kipya mezani: vizibo, kokoto, jani kubwa lililobanwa ndani ya kitabu changu cha upishi. Nilidhani wewe ni mzee wa maneno mengi, unisamehe. Siku zile nilikuwa nawapa tableti nikitoka kazini ili nikae dakika chache bila kuitwa. Yaya wangu alikuwa kile kioo, nami nilijua hivyo na nilinyamaza.

Ila hilo la kupotea nimelimaliza. Ni Mhandisi. Yeye ndiye aliyekuwa nayo mwisho. Namuuliza, anasema, "Niliiweka juu ya meza ya cherehani." Namuuliza tena, ni hilohilo, juu ya meza ya cherehani, kama kasuku. Mjomba, tuliipekua ile meza mimi na wewe, ukafungua na droo. Nina hakika aliisahau kituo cha basi tulipotoka kununua sabuni, akaogopa kusema. Kupoteza ningesamehe. Uongo siusamehe. Baba yao aliporudi kutoka safari ya kabla ya hii niliwaketisha wote, na mama mkwe akiwepo, nikamwambia mbele yao: wewe ni mwongo, na mpaka utakaposema ukweli hakuna wa kukuamini humu ndani. Bibi yake akaongezea yake. Mtoto hakulia. Aliangalia mikono yake tu.

Wewe ulikuwepo. Uliiona juu ya ile meza, au hukuiona? Nijibu hilo, nipate kulala.

Mto tunao. Chiriku analala nao. Sitaufua.

Mwanao


17 Novemba

Mwanangu,

Utanisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na sare za shule moja zilizoniganda mezani, halafu mafua, halafu miwani yangu ikavunjika mkono na fundi saa ndiye aliyeiunga kwa waya, kwa hiyo sasa naonekana kama redio mbovu. Mama mwenye nyumba amepaka korido rangi ya kijani. Hakuna aliyemshauri.

Nafurahi kwa habari ya jani lililobanwa. Mwambie Chiriku asilitoe mapema. Jani linalotolewa mapema hukunjamana na halirudi tena. Alitie kati ya karatasi zinazonyonya maji, aweke juu yake kitu kizito, na akae mbali nalo, na huko kukaa mbali ndiko kugumu. Kokoto zioshwe, zikauke, kisha kila moja iandikiwe ilikotoka. Nimesoma mengi kuhusu michezo ya watoto, na ninachokumbuka zaidi ni kwamba mtoto anayekusanya anajifunza kuangalia. Nilipoondoka nyumbani sikubeba kitu kinachoshikika zaidi ya lile kopo, ambalo dada yangu alinitilia mfukoni likiwa na vifungo vichache tu, nami nikaendelea kulijaza. Pengine ndiyo maana nayapa mambo haya uzito kuliko yanavyostahili.

Kuhusu Mhandisi, usimkazie. Watoto husema kweli mara nyingi kuliko tunavyowahesabia. Kituo cha basi ni mahali pa watu wengi, lakini pia si lazima iwe huko. Ningekuwa wewe ningeliacha suala hilo lilale.

Nina ombi. Nimekumbuka kwamba mshono mmoja wa ule mto niliuacha legelege, upande wa kitambaa cha mistari. Utafumuka. Niletee niurekebishe, nitaurudisha upesi. Usijaribu kuushona mwenyewe, na asiujaribu mtu mwingine hapo nyumbani.

Mjomba wako


8 Desemba

Shikamoo Mjomba,

Habari za mafua? Huku baridi inabisha hodi na Chiriku ameota jino jipya, mluzi umekwisha, tumepumzika.

Nilisoma barua yako mara mbili, kisha nikampa baba yao asome. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjomba wako anataka tumpelekee mto? Hana mito kwake?" Nami nikacheka, lakini yangu haikufika mbali, kwa sababu niliuliza swali moja tu na wewe ukanifundisha kubana majani.

Ombi lako lilileta vita. Chiriku kaukumbatia mto, hautoi. "Huu si wa kushonwa, ni mzima. Una mfupa." Nikamuuliza mfupa gani tena. "Mfupa! Ndiyo maana unakaa wima, mito mingine inalala." Nikamwambia mito haina mifupa, akanitazama kwa huruma. Mhandisi alikuwa pale anakula. Aliweka kijiko chini, akautazama mto.

Yeye ndiye ninayetaka kukuandikia habari zake. Hagombi, hakatai kutumwa, anakunja nguo zake mwenyewe. Ningepaswa kufurahi. Lakini daftari la stempu halijafunguliwa tangu barua yako ya mwisho. Bahasha ipo palepale kwenye friji na stempu zake juu. Mwalimu wake ananiambia siku hizi akiulizwa swali darasani anajibu "sijui" hata kwa anachokijua. Juzi nilikuwa naosha vyombo akaja akasimama nyuma yangu.

"Mama, mtu mzima akikosea, nani anamgombeza?"

Nikadhani ananisema mimi, maana siku hizi mama mkwe akichoka nao namwachia simu yangu na Chiriku anaangalia katuni mpaka macho yanakuwa mekundu. Uso ulinishuka. Nikamwambia amalize kazi zake za shule.

Siku iliyofuata yeye ndiye aliyembembeleza dada yake akautoa mto. Sijui alimpa nini. Nadhani kile kifungo cha shaba ulichompa, yule shangazi. Akaufunga mwenyewe kwa gazeti na kamba. Rafiki yake baba yao anapita huko kwenu na lori la mabomba, atakuletea mlangoni.

Mjomba, ninakuuliza mara ya pili. Uliiona juu ya meza?

Mwanao


5 Januari

Mwanangu,

Safari hii sina habari za goti.

Mto umefika. Dereva aliuleta akiwa ameubeba kwapani kama kuku, akasema, "Mzee, mtoto kaniambia nisiukalie." Nilifunga mlango, nikauweka chini ya taa ya cherehani, nikaukagua upande wa kitambaa cha mistari.

Mshono haukuwa wangu. Nilikuwa nimeufunga kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo, kazi ya mtu anayetaka isionekane. Niliyoikuta ni kazi ya uzi wa bluu, hatua moja ndefu na moja fupi, na nyuzi zote zimelalia upande wa pili. Kuna mtu mmoja tu anayeshona hivyo katika familia yetu iliyo hai.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Niliiona juu ya meza, pale pale aliposema. Mimi ndiye niliyeiondoa. Nilikuwa naumalizia mto wa dada yake, nikaiingiza katikati ya mabaki ya vitambaa, nikashona.

Nataka kukueleza bila kujipamba. Jioni ile nilikuwa nawasimulia kuhusu bibi yao, mama yako, jinsi alivyonishonea mfuko wa siri ndani ya koti usiku ule nilipoondoka. Sijawahi kumsimulia mtu hadithi hiyo. Nilifika mahali ambapo aliukata uzi kwa meno, nikanyamaza kidogo kwa sababu sauti iliniishia, na wote wawili wakasema "eeh, Babu," kwa pamoja, bila kuinua macho. Walisema kwa adabu kabisa. Ningewasikia wakinicheka isingeniuma vile. Baadaye nilijipa maneno mazuri: nawaokoa macho yao, nawafundisha kutumia mikono. Mambo hayo nayaamini bado. Lakini mkono ulioshona ule mto ulikuwa wa mzee aliyenuna kwa sababu hakusikilizwa.

Nilikusudia kuufumua siku ya mwisho na tucheke. Kisha mkaanza kutafuta, na ukaanza kumhoji mtoto, na mimi nikapiga magoti na goti langu hili bovu nikachungulia chini ya kitanda. Nikafungua droo. Nikasema, "Huku haipo." Nilikuwa natafuta kitu nilichokishona mwenyewe, mwanangu, na nilikitafuta kwa bidii. Mlangoni, nikiwa na mkate, ningeweza kusema. Uliponiandikia kwamba umemwita mwongo mbele ya bibi yake, ningeweza kusema siku hiyohiyo. Nilikuwa na karatasi, kalamu na stempu. Hakukuwa na sare zozote za shule. Mafua yalikuwepo, ya siku chache.

Nilipofumua ule uzi wa bluu nilikuta kile kioo kimevishwa soksi. Soksi ya mtoto, safi, imekunjwa juu kisije kikakwaruzika. Aliikuta, akaivisha, akairudisha, akashona, na akaniletea.

Sitakuomba unisamehe katika barua hii. Nimeandika uweze kumwambia kila aliyekuwepo siku ile.

Mjomba wako


21 Januari

Mjomba,

Tunaendelea.

Barua yako niliisomea kazini, kwenye meza ya mapokezi, mgonjwa mmoja akinigongea dirisha. Sikumsikia. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mhandisi anakunja nguo zake. Nikaketi kitandani kwake, nikamwambia, "Babu kaniandikia." Akaacha kukunja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Chiriku aliposema una mfupa. Nikauminya alipolala."

"Ukafumua?"

"Kidogo. Nikaona kona yake."

"Kwa nini hukuniambia? Mwanangu, ulikuwa nayo mikononi!"

Akanitazama kana kwamba ninauliza kitu ambacho kila mtu anakijua.

"Ungesema ni mimi niliyeiweka humo."

Mjomba, nimekuwa nikilipindua jibu hilo kila upande nikitafuta pa kulishikia, na sipati. Angekuja kwangu na ule mto umefumuliwa, tableti mkononi, ningesema hivyohivyo, na kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Aliona ni salama zaidi akuletee wewe uliyemfanyia hivyo kuliko kunionyesha mimi mama yake. Uongo ulikuwa wako. Hili jingine ni langu, na usijaribu kunibebea.

Nimemwita mama mkwe, nimempigia simu baba yao akiwa kwenye mizani, nimesema mbele yao wote kwamba mtoto alisema kweli tangu siku ya kwanza na mimi ndiye niliyekosea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Bibi yake akasema, "Basi yameisha." Mhandisi akasema, "Babu je?"

Nina hasira nawe, Mjomba, ya kweli, na wakati huohuo nikifikiria ulivyochungulia chini ya kitanda, natamani kulia. Usiniandikie mimi kwa sasa. Mwandikie yeye. Bahasha iwe na jina lake.

Na tableti irudishe. Ni yake na dada yake. Wataitumia Jumamosi na Jumapili, tumekubaliana, na simu yangu inalala kwenye mkoba.

Mwanao


2 Februari

Mhandisi,

Hujambo, mjukuu wangu? Nasikia unakunja nguo zako mwenyewe. Mimi za kwangu bado nazirundika kwenye kiti. Fundi saa anakusalimu. Nimemweleza kila kitu, na hakunisemesha siku nzima.

Ulisema uliiweka juu ya meza ya cherehani. Ni kweli. Uliiweka upande wa kulia, karibu na chaki. Nilijua hivyo wakati wote ulipokuwa unaulizwa, na nikanyamaza, na wewe ukaitwa jina ambalo lilikuwa langu. Nimekukosea. Uliuliza mtu mzima akikosea nani anamgombeza. Sikupata mtu wa kunigombeza, na hilo halikunifaa kitu. Kama una maneno ya kunigombeza yaandike, nitayasoma yote, na sitakujibu kwa mafundisho.

Nimekutumia kioo chenu kwenye soksi ileile. Soksi nimeifua. Kopo la vifungo nalo limo ndani ya kasha linaloandamana na barua hii. Haliji kama malipo, kwa hiyo usilipokee hivyo. Bibi yenu ndiye aliyelianzisha, na huyo bibi alishona kwa mkono wa kushoto. Stempu za bahasha hii zipo tano na hakuna anayekulazimisha kuzibandua.

Mto wa Chiriku umo pia. Nimeutoa mabaki yote nikayaosha, nikayarudisha, na nimeshona pande tatu. Upande wa kitambaa cha mistari nimeuacha wazi. Tieni mikono ndani, wewe na dada yako na mama yenu, mpapase mpaka mridhike kwamba hamna kitu. Kisha uufunge wewe.

Babu